Waliouguza mpaka mwisho: mbona mimi bado sijatoka msibani?

BintiChumbageni

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za saa hizi. Mimi ni msomaji tu humu, leo naomba mnisikilize. Kama uzi huu si wa jukwaa hili, mods mnihamishie.

Nilimuuguza mama. Alianza na kiharusi cha upande wa kulia, akainuka, akawa anatembea kwa mkongojo. Kikaja cha pili, kikamlaza moja kwa moja. Baada ya hapo na akili ikaanza kuondoka: ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, anauliza mbona leo hatujaenda shamba Muheza. Ndugu zangu wako Dar na Mwanza, wana kazi na watoto. Mimi nilikuwa na genge langu la chakula karibu na stendi, sina mume, basi haikuitishwa hata kikao. Nikafunga genge. Pesa walituma, sitasema hawakutuma. Ila pesa haimgeuzi mgonjwa usiku.

Aliyeuguza mgonjwa wa kulala anajua. Kila saa mbili umgeuze, la sivyo nyama ya kiunoni inaanza kuoza. Nilijifunza kumgeuza peke yangu kwa kanga: unaikunja kwa urefu, unaipitisha chini ya mgongo mpaka kwenye nyonga, unasimama upande unaotaka aelekee, unavuta kwa uzito wa mwili, ukivuta kwa mikono utaumia wewe. Wali na mchuzi wa samaki nilisaga kwenye blenda mpaka ukawa mzito kama uji, kwa sababu maji matupu yalikuwa yanampalia. Nikiwa uani nafua nilikuwa najua kwa sauti tu, hiki kikohozi cha mafua, hiki amepaliwa, nikimbie.

Alifariki mwaka jana kabla ya mfungo, na mfungo mwingine umeshapita. Siku za mwisho homa ya mapafu ilimshika, tukamkimbiza wodini, mpira puani, oksijeni. Saa za kuona wagonjwa zikiisha wote tunatolewa nje, hata mimi niliyejua namna anavyotaka shingo ilazwe. Alfajiri nilikuwa nje ya geti nimenunua chai, ndipo simu ikapigwa. Akazikwa siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri. Turubai likafungwa, watu wakaja, waliosafiri usiku wakasifiwa kwa kusafiri usiku. Khitma ikasomwa, arobaini ikasomwa, wakarudi makwao. Sasa hivi wanazungumzia kuipangisha nyumba.

Mimi saa nane usiku bado naamka. Nakaa kitandani, mikono imeshajiweka tayari kuvuta kanga. Chumbani kwake nafagia na kutoka, sijagusa kabati wala lile godoro la hewa. Samaki sipiki. Watu wakimtaja nashindwa kukaa, wasipomtaja naumia zaidi. Siyo kwamba nalia kutwa. Kuna siku sihisi kitu chochote, watu wanaongea nami naitikia tu. Kaka yangu akasema nisomewe, nimesomewa, namshukuru shehe, lakini saa nane iko pale pale.

Ninachouliza: kwa mtu aliyeuguza, hii ni kawaida? Ndugu zangu tumezaliwa tumbo moja na walimpenda mama, mbona wao wametoka? Kitu gani kinamzamisha mmoja na kumshika mwingine? Waliouguza nijibuni, na wa afya kama mpo.

Mzee Kifimbo

Binti, kila nafsi itaonja mauti. Umemuuguza mama mpaka mwisho, radhi umepata, unataka nini tena? Huko ni kukaa bure. Fungua genge, ukipata mtu olewa, utasahau. Wazee wetu walizika watoto, kesho yake wako shamba na jembe.

MamaKikoba wa Igoma

Shikamoo Mzee, ila hapo hapana. Walienda shamba, sawa, na usiku nani aliwauliza? Bibi yangu mzaa baba alipozika mume aliacha kula nyama mpaka naye akafa, ukoo mzima tukasema ameweka nadhiri.

Mdogo wangu BintiChumbageni, pole. Mimi niliuguza mume, figo. Kusafishwa damu hospitali ya Bugando mara tatu kwa wiki, unaondoka nyumbani giza, unarudi giza, mtu amechoka kama aliyelima. Niliuza kiwanja, nikauza friji la biashara. Alipofariki nilikuwa na madeni, na shemeji zangu wakaanza kuniuliza pesa za matibabu zilikwenda wapi. Kwa hesabu hiyo mimi ndiye ningezama.

Kilichonishika nitakuambia bila kupamba. Cha kwanza kilikuja kabla hajafa. Wifi yangu mmoja, Mungu ambariki, alichukua Jumapili zote. Anakuja saa moja asubuhi, ananifukuza nyumbani. Naenda kanisani, nikitoka nalala kwa rafiki yangu mpaka jioni, wala sioni haya. Cha pili ni wanawake wa kikoba. Nilishindwa kupeleka hisa muda mrefu, hawakunikata jina. Na baada ya arobaini, pale ambapo watu wote huwa wamekwisha ondoka, wao ndio walianza: kila Alhamisi anakuja mmoja na kazi yake mkononi, leo mchicha wa kuchambua, wiki nyingine dagaa. Anakaa jikoni kwangu, anachambua. Nikitaka kumtaja marehemu namtaja, nisipotaka tunapiga umbea. Walifanya hivyo mpaka mimi mwenyewe nikasema jamani Alhamisi hii msije, nina safari ya Geita.

Wewe wakati unauguza, kuna aliyekupokea hata nusu siku?

BintiChumbageni

Dada, hakuna. Kikoba changu walinikata jina mwaka wa pili. Jirani alikuwa anakaa naye nikienda sokoni, basi. Kulala nje ya nyumba ile sikulala mpaka siku ile ya wodini, na hapo nililala kwenye benchi.

SistaWaKaskazini

Nimekuwa nesi wa tiba shufaa, yaani ya kumtuliza maumivu mgonjwa asiyetarajiwa kupona, kwa muda mrefu, kazi yangu ni kuzungukia wagonjwa majumbani, pikipiki na begi. Nimesoma yote mliyoandika. BintiChumbageni, Mzee mpe shikamoo yake, lakini jibu lake usilichukue lote. Nitaeleza kwa nini nimesema lote.

Swali lako la kwanza. Huzuni ya kufiwa si ugonjwa na hatuitibu. Ila ipo inayokwama, na wataalamu wameipa jina lake: huzuni ya muda mrefu. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, na kipimo chao ni miezi 6 kwenda mbele. Wamarekani kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili wa mwaka huo huo wanasubiri miezi 12 kwa mtu mzima. Wanaangalia kama hamu ya marehemu inakukamata karibu kila siku, kama unakwepa vitu vinavyomkumbusha au kama umekufa ganzi, kama maisha yako yamesimama. Na wanataka ipimwe kwa mila na dini ya mfiwa mwenyewe, hilo nalipenda. Mjane aliyekaa eda ya miezi minne na siku kumi nikimkuta ndani hatoki, siwezi kumwandikia ugonjwa, anafuata dini yake. Wewe umeshapita vipimo vyote viwili na saa nane bado inakuamsha.

Kwa wastani ni kama mfiwa mmoja kati ya kumi anayefika huko, ukiwachukua waliofiwa kwa magonjwa na uzee. Lakini Marekani waliwafuatilia watu waliouguza ndugu waliopotewa na akili, kama mama yako, matokeo yakatoka 2006: kama mmoja kati ya watano. Mara mbili. Na walipotafuta ni nani hasa, wakaona ni wale ambao sonona, yaani depression, iliwashika wakiwa bado wanauguza, na wale waliobeba mzigo mkubwa. Hapo hakuna wa kushangaa. La kushangaza ni kwamba walikuwamo pia waliosema kuuguza kuliwapa furaha na maana. Yaani aliyeipenda ile kazi, kifo kinamchukulia vitu viwili kwa siku moja, mtu wake na kazi iliyomwamsha asubuhi. Ndugu zako walipoteza mama. Wewe umepoteza mama, na ile saa mbili mbili, na genge lilishakwenda, na sasa nyumba inapigiwa hesabu. Ndiyo maana tumbo ni moja na msiba si mmoja.

Mengine ninayoyaona kwa macho yangu. Anayefia nyumbani ameshikwa mkono, hata kama ni vigumu, mlezi wake huwa na kitu cha kusimulia. Anayefia kwenye mashine huku mlezi yuko nje ya geti, mlezi yule anarudi kwenye geti lile kwa miaka. Kuna utafiti wa 2010, pia wa Marekani, kwa waliouguza wagonjwa wa saratani, ulioonyesha hilo hilo: waliofiwa hospitalini walikuwa kwenye hatari zaidi ya kukwama kuliko waliofiwa nyumbani wakiwa na huduma ya tiba shufaa. Maumivu pia. Mgonjwa akifa anapiga kelele, zile kelele hazizikwi naye. Ndiyo maana tunahangaika na mofini ya maji, dawa ya kutuliza maumivu makali. Uganda, pale Kampala, Dr. Anne Merriman alianzisha hospisi, kituo cha tiba shufaa, mwaka 1993 kwa dawa hiyo hiyo ya bei ndogo, ya kunywa, mgonjwa akiwa kitandani kwake. Watu wanadhani tunamtibu mgonjwa peke yake. Tunamtibu na atakayebaki.

Halafu kuna kuambiwa. Nani alikuambia wazi kwamba mama anakufa? Najua utasema ulikuwa unaona. Kuona ni kitu kingine. Wapo waliouguza miaka na miaka na kifo kikawakuta hawajajiandaa, kwa sababu kila daktari alisema “tunaendelea kujaribu”. Mlezi aliyekalishwa akaambiwa, akapata nafasi ya kuomba radhi na kuaga, huyo kwa kawaida anatembea vizuri zaidi.

Na Mzee sasa. Kufungua genge ni dawa, hapo hakukosea. Wataalamu wawili wa Uholanzi, Stroebe na Schut, waliandika mwaka 1999 kwamba mfiwa anayepona huenda na kurudi: saa hii yuko kwenye huzuni, saa ile yuko kwenye kupika na kulipa ada. Anayekaa upande mmoja tu ndiye anayepata shida. Mzee kamtaka abaki upande wa jembe siku zote. Bibi yake MamaKikoba alikuwa upande huo: mchana shamba, usiku hakuna aliyemuuliza.

Kaka wa Likoni

Pole sana dadangu. Mie mwanamume, na nimeuguza mke. Saratani ya titi.

Sista amesema neno la kuambiwa, nami niongeze hapo. Daktari wa kwanza alituficha, au alituonea huruma sijui. Tukawa twazunguka tu, vipimo, nauli, vipimo. Tulipofika kwa watu wa hospisi hapa Mombasa, yule mama wa pale alivuta kiti, akamuuliza mke wangu mbele yangu: “Wewe mwenyewe wataka kujua?” Akasema nataka. Akaambiwa. Nilitoka nje nikakaa kwenye ukuta wa barabarani, nikawachukia wote.

Lakini usiku ule mke wangu akalala vizuri, na kesho yake akaanza kutoa amri. Cherehani apewe mpwa wake wa Ukunda, si dadake, kwa sababu dadake ataiuza. Deni la dukani kwa Mpemba lilipwe kwanza kabla ya kununua hata sukari ya matanga. Mtoto mdogo asihamishwe shule. Nami nisioe haraka haraka, na nikioa nisimlete kwenye kitanda hiki, ninunue kingine. Tulicheka siku ile. Mofini ilikuwa imeshika, uso wake ulikuwa uso wake.

Alipofariki nilikuwa na orodha. Nalipa deni, napeleka cherehani Ukunda, kila kimoja natimiza kama nimetumwa naye. Huzuni ilikuwepo, na ipo, lakini nilikuwa na pa kushika.

Shida yetu wanaume ni nyingine. Arobaini haijaisha vizuri, baraza nzima washanitafutia mke. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza “walala vipi?” Aliyeniuliza ni yule yule mama wa hospisi, kwa simu, miezi baadaye, wakati sikuwa hata mteja wake tena. Nilisimamisha tuktuk kando ya barabara nikaongea naye, abiria wakashuka wakaenda zao.

BintiChumbageni

Kaka wa Likoni, hilo la orodha limenitoa machozi. Mama hakuweza kuniachia orodha. Miezi ya mwisho hakunijua mimi ni nani.

Sista, wacha niseme kitu sijakisema popote, hata kwa shehe. Simu ilipopigwa alfajiri ile, kikombe cha chai mkononi, wazo la kwanza halikuwa mama. Lilikuja wazi kabisa: leo nitalala. Nikajisikia mwenyewe nimelisema. Ndipo nikaanguka pale chini nikalia, na wauza chai wakasema masikini anavyompenda mamake. Nilikuwa nalililia lile wazo. Kila mtu akinisifu kwamba nimemuuguza mama mpaka mwisho, kama Mzee hapo juu, nalisikia tena.

MamaKikoba wa Igoma

Mdogo wangu. Mimi siku mume wangu alipofariki wazo langu la kwanza lilikuwa Jumatatu hatuendi kusafisha damu. Hata sikujua kama ni dhambi.

SistaWaKaskazini

BintiChumbageni, nisikilize vizuri. Wale watafiti wa Marekani waliowafuatilia walezi wa waliopotewa na akili waliwauliza swali hilo hilo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003, walikuwa walezi 217 waliofiwa, na wengi wao walijiona wako zamu saa 24. Asilimia 72 walisema kifo kile kilikuwa ahueni kwao wenyewe. Zaidi ya asilimia 90 waliona kilikuwa ahueni kwa mgonjwa. Karibu watatu kati ya wanne, na hao ni waliokubali kusema mbele ya mtu anayeandika. Hawakuwapenda wagonjwa wao kidogo. Walikuwa hawajalala.

Na mama asiyekujua, ulishaanza kumlilia yuko hai. Ulikuwa kwenye msiba huku unasaga wali, bila turubai na bila mtu wa kukupa pole. Ukihesabu tangu alipokuita kwa jina la shangazi yako wa Muheza, msiba wako ni mrefu kuliko watu wanavyodhani.

BintiChumbageni

Ni mama mdogo, Sista. Dada yake mama.

SistaWaKaskazini

Mama mdogo, nisamehe.

Sasa nikuulize, na unijibu ukweli au unijibu pembeni kwa ujumbe. Kuna siku unatamani kumfuata? Umewahi kufikiria namna?

BintiChumbageni

Hapana, namna sijafikiria. Kuna asubuhi sioni sababu ya kuamka, hiyo ipo. Ila naamka.

SistaWaKaskazini

Asante kwa kujibu. Ikibadilika hata usiku wa manane, amsha mtu, mwende hospitali, msisubiri kupambazuke. Hata kama haijabadilika, wiki hii nataka uende hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia kitengo cha afya ya akili au afisa ustawi wa jamii.

Tiba yenyewe nikueleze usije ukadhani ni vidonge. Prof. Katherine Shear wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ameifanyia kazi miaka mingi: mazungumzo ya vikao kama 16, mtu anasimulia siku ile ya kifo mara kwa mara mpaka iweze kusimuliwa, na anarudishwa pole pole kwenye vile anavyovikwepa. Walipojaribu dawa ya sonona peke yake, matokeo yalichapishwa 2016, ile huzuni yenyewe haikuiweza. Kwa mwenye sonona juu ya huzuni, dawa ilisaidia ile sonona ikiwa pamoja na mazungumzo. Tiba yenye jina hilo huenda usiipate hapo ulipo, lakini mshauri nasaha mzuri anaweza kukaa nawe kwenye geti lile. Chumba na kabati usivianze peke yako, msubiri mtu. Mwite hata yule jirani.

Na hilo suala la nyumba, waambie ndugu zako lisimame mpaka mwakani. Umtume yule mwenye sauti kwenye ukoo aseme kwa niaba yako. Nimeona wafiwa wakizamishwa na mirathi kuliko na kifo.

Mzee Kifimbo

Binti, nimesoma yote. Hilo la nyumba Sista amesema kweli. Mimi niko Pongwe, ukitaka mzee wa kusimama kwenye kikao cha ndugu, niandikie pembeni. Genge bado nasema ufungue.

BintiChumbageni

Pole zenu nimezipokea nyote, na Mzee nitakuandikia. Genge, meza zangu zipo kwa mtu, nitaulizia.

Sista, swali moja la kijinga. Nikifika dirishani pale mapokezi wataniuliza naumwa nini, na nyuma yangu kuna foleni. Nikisema mama yangu amefariki mwaka jana watanicheka. Niseme nini?

SistaWaKaskazini

Sema hivi: “Tangu nimalize kumuuguza mama silali na sili vizuri, naomba kumwona mtu wa afya ya akili.” Mwaka usiutaje dirishani, utautaja ndani. Fika kabla ya saa mbili asubuhi, beba kitambulisho na kadi ya bima kama unayo. Wakikuandikia dawa za usingizi tu wakakuambia nenda, uliza tarehe ya kurudi kwa mshauri nasaha kabla hujainuka kwenye kiti.

MamaKikoba wa Igoma

Na Alhamisi jioni mimi nakupigia. Nitakuwa nachambua dagaa, usijali kelele.